Chaja ya sola ya simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Kibanda changu cha kutengeneza simu kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, lakini wateja wangu wengi si wa mjini. Kuna wanaoshuka Kibirizi kwa boti za Mwamgongo na Kagunga, kuna wa Kalinzi, Uvinza na Nguruka. Akishatengenezewa kioo au spika, mtu husimama mlangoni na kuuliza lile lile: "Fundi, sola ipi ya simu ni nzuri?" Nimechoka kujibu nusunusu huku mwenye swali anaangalia saa ya boti. Majibu yote haya hapa.

Chaja ya sola ya kubeba ndiyo ipi hasa?

Dukani kuna vitu vitatu vinavyoitwa kwa jina hilo hilo, na hapo ndipo watu wanapopotea. Kuna paneli tupu, ngumu au ya kukunja kama daftari, yenye tundu la USB mgongoni. Haina betri ndani, kwa hiyo wingu likipita na chaji inakatika. Kuna pawabenki iliyobandikwa kipande cha paneli juu yake. Halafu kuna taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu, ambayo paneli yake ndogo inakaa juu ya bati na waya unaingia ndani.

Mwenye kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, anayehitaji na mwanga wa usiku, taa inamtosha na wala asihangaike. Mwenye simu janja, mimi humwambia anunue vitu viwili mbalimbali: paneli tupu, na pawabenki ya kawaida isiyo na sola yoyote. Mchana paneli inajaza pawabenki, usiku pawabenki inajaza simu.

Kwa nini huipendi ile pawabenki yenye sola juu? Si ndiyo rahisi kubeba?

Ni rahisi kubeba kweli. Kuchaji ndiyo kazi yenyewe.

Miaka michache nyuma nilinunua katoni nzima ya hizo kwa muuzaji mmoja wa jumla. Juu zimeandikwa 30,000 mAh, kipimo cha ujazo wa betri, kwa herufi za dhahabu. Ya kwanza ilirudi baada ya wiki mbili, mkononi mwa mama mmoja muuza mawese wa Ujiji. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani akasema, "Mwanangu, hii inakula jua lakini haitapiki." Niliifungua mbele yake kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na betri moja bapa, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichoisha, na pembeni yake bamba la chuma lililogandishwa kwa gundi nyeupe ili kitu kiwe kizito mkononi. Nilimrudishia hela yake. Katoni iliyobaki sikuiuza. Waya zake ndizo zilizonifaa.

Lakini tuseme umepata ya kweli, yenye betri kamili. Hesabu bado inakataa. Uso wa pawabenki una upana wa sentimita 7 na urefu wa 14, yaani sentimita za mraba 98. Eneo hilo, jua likiwa utosini, haliwezi kutoa zaidi ya wati 2, na kwa kawaida utapata wati 1 au 1 na nusu. Pawabenki ya 10,000 mAh inabeba kama wati-saa 37 (wati-saa 1 ni wati 1 ikitoka kwa saa nzima), na ukiongeza umeme unaopotea njiani unahitaji karibu 45. Gawanya mwenyewe: ni saa 30 na zaidi za jua kali, wiki nzima ya kuianika kila siku. Na wakati wote huo betri yenyewe iko juani inaungua, jambo ambalo betri za lithiamu haziliwezi.

Ile paneli ya juu ihesabu kama akiba ya dharura. Ukinunua, nunua kwa sababu ya betri.

Wati, volti, mAh... nisome namba ipi kwenye boksi?

Kwenye paneli soma wati. Kwenye pawabenki soma wati-saa, ambazo huandikwa Wh kwa herufi ndogo sana mgongoni. Kama hazipo, chukua mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Pawabenki ya 20,000 mAh ni wati-saa 74.

Watu hulalamika kwamba pawabenki ya 10,000 mAh haijazi simu ya 5,000 mAh mara mbili, wanadhani wameibiwa. Hawajaibiwa. Namba ile imepimwa kwenye volti 3.7 za betri, ilhali umeme unatoka kwenye tundu ukiwa volti 5, na kuubadilisha kuna kodi yake. Kinachotoka ni kama 6,000 hivi. Simu moja inajaa, na ya pili inapata kidogo tu.

Nitajuaje kwamba wati zilizoandikwa kwenye paneli ni za kweli?

Nenda na rula.

Sitanii. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za kubeba hukamata takriban sehemu moja ya tano tu. Maana yake wati 1 inahitaji sentimita za mraba 50. Pima sehemu nyeusi tu, usihesabu kitambaa wala fremu: urefu mara upana, gawanya kwa 50. Ukipata 12, hiyo ni paneli ya wati 12. Zile bora sana zinaweza kuzidi kidogo, 13 au 14. Haziwezi kuwa 60.

Karatasi ya A4, ile ya kuchapia barua ya serikali ya kijiji, ina sentimita za mraba kama 620. Kwa hiyo paneli yenye ukubwa wa karatasi hiyo ni ya wati 12 hivi. Siku moja aliniletea kijana wa Kasulu paneli ndogo kuliko karatasi hiyo, imeandikwa 80W. Nilimpa rula apime mwenyewe. Alipima mara tatu, kisha akacheka, kisha akanyamaza, maana alikuwa ameuza kuku kuinunua.

Kama kuna fundi karibu, ana kidude cha kupimia USB kinachochomekwa katikati ya waya. Kinaonyesha volti na ampea. Zizidishe: volti 5 kwa ampea 1.3 ni wati 6 na nusu.

Paneli yangu ya wati 10 inapima wati 6 na nusu. Ni feki?

Hapana, hiyo ni nzima. Wati za kwenye boksi hupimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Paneli iliyoanikwa Kigoma mchana inafika 60 bila shida, na kila nyuzi inayoongezeka inapunguza umeme kidogo. Kwa nyuzi 60 umeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ongeza vumbi, ongeza jua lililokaa upande, ongeza umeme unaoliwa na kile kisanduku cha USB. Ukipata theluthi mbili ya kilichoandikwa, shukuru.

Ukipata wati 2 kwenye paneli ya 10, hapo kwanza badilisha waya kabla hujamlaumu mtu. Nusu ya paneli "mbovu" zinazoletwa kwangu zina waya wa bei chee, mrefu, wenye nyuzi za shaba kama za utando wa buibui. Tumia waya mfupi na mnene.

Ninunue ya wati ngapi?

Inategemea unalisha nani. Kitochi chenye betri ya 1,000 mAh kinahitaji wati-saa 5 hivi kutoka kwenye paneli. Paneli ya wati 5 inakimaliza kwa saa moja na nusu au mbili. Simu janja ya 5,000 mAh inabeba wati-saa 19, na kwa upotevu sema 25. Paneli ya kweli ya wati 10 itaijaza kwa saa nne za jua safi.

Sasa chukua familia ya kawaida: baba ana simu janja, mama ana kitochi, kijana ana kitochi. Hiyo ni wati-saa 35 kwa siku kama wote wanazimaliza. Paneli ya wati 10 inatoa 6 na nusu kwa saa tano, ni 32. Inakaribia, lakini siku ya mawingu mtagombana. Familia hiyo nunueni ya wati 15 au 20 na mtasahau kibanda cha chaji.

Chini ya wati 5 sishauri, labda kwa kitochi kimoja cha mzee anayepiga simu Jumapili.

Nyeusi na ya bluu, ipi bora?

Nyeusi iliyo sawia, isiyo na madoa kama ya barafu, kwa kawaida ndiyo inayotoa umeme mwingi kwa eneo dogo. Ya bluu si mbaya, inataka tu nafasi zaidi. Kwa kitu cha kubeba mgongoni chukua nyeusi.

Ni saa ngapi nzuri ya kuanika?

Hili wengi wanalikosea kwa sababu wanafuata saa ya ukutani. Saa ya Tanzania ni moja kutoka Dar es Salaam mpaka hapa, lakini jua halijui hivyo. Sisi tuko magharibi kabisa, kwa hiyo jua letu linafika utosini karibu saa 7 mchana, nyuma ya Dar kwa dakika 40 hivi. Umeme mzuri Kigoma ni kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 9 alasiri. Anayeanika saa 2 asubuhi na kuanua saa 6 kwa sababu "jua limeshapanda" ameacha nusu ya chakula sufuriani.

Nielekeze wapi?

Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita kaskazini mwetu, upande wa Gombe na Burundi. Miezi iliyobaki linapita kusini, upande wa Ujiji. Mwezi wa 6 ndipo linapoinama zaidi kaskazini, kwa hiyo inua ukingo wa kusini wa paneli kwa tofali au gogo. Mwezi wa 3 na wa 10 ilaze tu chini.

Kama hutaki hesabu, simamisha kalamu wima juu ya paneli. Ikiwa na kivuli kirefu, paneli imekaa vibaya. Igeuze polepole mpaka kivuli kiishe chini ya kalamu.

Wanaoanika dagaa ufukweni wana saa nzuri kuliko zote. Dagaa na paneli wanataka jua lile lile. Mama mmoja wa Kibirizi huweka paneli yake ukingoni mwa chanja, na kila anapogeuza dagaa anaigeuza na paneli. Nimempimia: chaji anayopata inamzidi mwanawe ambaye ameifunga ya kwake juu ya bati na kuisahau.

Kivuli kidogo kina madhara gani? Jani moja tu?

Jani moja tu ni balaa. Seli za paneli zimefuatana kama foleni ya ndoo bombani. Mmoja akisimama, wa nyuma wote wanasimama. Kuti la mchikichi likiangusha kivuli chembamba cha vidole viwili, chaji inaweza kushuka mpaka simu ikaacha kusoma kabisa. Kwetu hapa michikichi iko kila ua, kwa hiyo angalia kivuli kitafika wapi saa 8, si pale kilipo wakati unaanika. Na usianike nyuma ya kioo cha dirisha, nacho kinakula sehemu yake.

Simu niiache juani pamoja na paneli?

Usithubutu. Betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa imepita nyuzi joto 45, na bati la mchana linaunguza kiganja. Mzee mmoja wa Mwamgongo aliniletea simu imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipoufungua, kifuniko cha nyuma kilijiinua chenyewe kama mdomo wa samaki. Betri ilikuwa imevimba, kioo kimeachana na fremu. Alikuwa anaichaji juu ya bati, uso juu, kiangazi kizima. Paneli yake ilikuwa haina kosa lolote.

Paneli juani, simu au pawabenki kivulini, waya katikati. Ukikosa kivuli, iweke chini ya paneli yenyewe lakini pawe na upenyo wa hewa, na ifunike kwa kitambaa cheupe.

Wingu likipita simu inaacha kuchaji, jua likirudi haiendelei. Kwa nini?

Umeme ulipopungua, simu na paneli zilishindwa kuelewana, zikabaki kwenye kiwango cha chini au zikaachana. Paneli nzuri hujizima na kujiwasha zenyewe. Uliza hilo dukani. Kwa ile uliyo nayo, chomoa waya, hesabu hadi tano, chomeka tena. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutumia pawabenki katikati: nyingi hazina maringo kama simu.

"Fast charge" iliyoandikwa kwenye boksi ina maana?

Kwenye ukuta wenye umeme, ndiyo. Kwenye paneli ya wati 10, simu itachukua kilichopo.

Kipindi cha mvua itafanya kazi?

Itafanya, kwa kuvizia. Mvua zetu huanza mwezi wa 10 au wa 11 mpaka wa 4 au wa 5, lakini mara nyingi kuna saa mbili tatu za jua kabla au baada yake, na hewa iliyooshwa na mvua huwa safi sana. Wingu zito hupunguza umeme mpaka sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana nakwambia nunua paneli kubwa kuliko unayoihitaji mwezi wa 7.

Na kiangazi nacho kina dosari yake. Mwezi wa 8 na wa 9 watu wanachoma mashamba na misitu, anga inakuwa ya maziwa, ng'ambo ya Congo haionekani. Moshi huo unakula chaji, na vumbi la barabarani linamalizia. Futa paneli kila asubuhi kwa kitambaa laini chenye maji. Si kwa mchanga, na si kwa mkono uliotoka kupakua mawese.

Sisi tunaenda nayo ziwani. Maji je?

Tafuta herufi IP na namba mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 inavumilia maji ya kurushiwa. IP67 inavumilia hata kuzama kidogo kwa muda. Ukiona X mahali pa namba ya kwanza, kama IPX4, vumbi halikupimwa. Lakini soma vizuri: mara nyingi ni ile karatasi nyeusi inayovumilia maji, tundu la USB haliwezi. Likilowa, acha likauke siku nzima.

Tuna bahati moja: maji ya Tanganyika hayana chumvi, matundu hayaozi upesi kama ya wenzetu wa pwani. Hata hivyo mvuvi wa dagaa hana haja ya kuingia na paneli ziwani. Kazi yake ni ya usiku. Aache paneli na pawabenki kambini zichaji mchana akiwa amelala, aingie na pawabenki tu, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili.

Nina paneli kubwa ya volti 12 na betri nyumbani. Ninunue na hii?

Kwa nyumbani, hapana. Nunua chaja ya gari, ile ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, uiunge kwenye betri. Usiiunge moja kwa moja kwenye paneli: paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa haina mzigo hutoa volti 21 au 22, na chaja nyingi dhaifu huungua hapo hapo, wakati mwingine na simu.

Italipa baada ya muda gani?

Kama kibanda cha kwenu kinatoza shilingi 500 kwa chaji moja, na nyumba ina simu mbili zinazochajiwa leo ndiyo, kesho hapana, mnatoa shilingi 15,000 kwa mwezi. Gawanya bei ya sola kwa hiyo. Usisahau nauli ya bodaboda kama kibanda kiko mbali, na yale masaa ya kuisubiri simu ya watu wengine ishushwe kwenye chaji.

Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Mtoe muuzaji nje. Nenda mchana kukiwa na jua, na simu yako isiyojaa na waya wako. Chomeka, subiri dakika kumi, si sekunde kumi. Alama ya chaji huwaka hata kwa umeme wa kudanganyia. Angalia asilimia. Kunja na kukunjua paneli mara kadhaa huku imechomekwa, kwa sababu za kukunja hufia kwenye mikunjo. Tikisa tundu la USB, lisicheze. Kwa taa za sola, uliza kama ina uthibitisho wa ubora wa VeraSol, ambao ndio uliochukua nafasi ya ule wa Lighting Global mwaka 2020. Dai risiti yenye jina la duka na maandishi ya waranti. Anayekataa kutoka nje juani nawe, muage.

Betri ikivimba niifanyeje?

Acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiitoboe kutoa hewa, ile si hewa ya mpira, inawaka. Usiitupe jalalani wala ziwani. Iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, umletee fundi.

Naruhusiwa kupanda nayo ndege kwenda Dar?

Paneli haina tatizo. Pawabenki iende kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo unaowekwa chini, na isizidi wati-saa 100, yaani kama 27,000 mAh. Kwenye treni hakuna anayekuuliza, ila funga begi.

Nikija Mwanga utanipimia yangu?

Nitakupimia. Njoo kati ya saa 5 na saa 9, uje na waya unaoutumia nyumbani. Siku za mbalamwezi wavuvi hawaingii ziwani na wote huwa kwangu, kwa hiyo siku hizo wahi au uwe na subira.